Faida asilimia 300? Haya, kwa miaka mingapi?

Haya maongezi utayasikia msibani, kijiweni, mpaka kwenye daladala: "mimi kiwanja changu nilinunua milioni 3 mwaka 2012, mwaka 2024 nimekiuza milioni 12, faida asilimia mia tatu!" Watu wanaguna kwa wivu, halafu kuna mjuaji mmoja anagawa 300 kwa miaka 12 anasema aaah hiyo ni asilimia 25 kila mwaka, benki gani itakupa hiyo?

Hakuna. Ila na kiwanja chenyewe hakijakupa.

Kugawa hivyo ni kusema bei ilikuwa inaongezeka laki saba na nusu ileile kila mwaka, wakati bei inapanda juu ya bei ya mwaka jana, siyo juu ya bei ya 2012. Hiyo ndo riba juu ya riba, A = P(1 + r)^n, tuliyoimba sekondari (P ni mtaji, r ni riba ya mwaka, n ni miaka, A ni hela unayoishia nayo). Mimi naona tatizo lilianzia hapohapo, maana maswali mengi tulipewa mtaji, riba na miaka tutafute A, wakati mtaani A mtu anayo mfukoni tayari, kinachofichwa ni r. Na anayekukopesha hana haraka ya kukusaidia kuitafuta.

Sasa tuitafute. 12 gawa kwa 3 ni 4, yaani (1 + r) ikizidishwa yenyewe mara 12 inatoa 4, kwa hiyo unataka kipeuo cha 12 cha 4. Geuza simu ilale, kalkuleta nyingi zinafungua vitufe vya ziada, andika 4^(1÷12). Mabano usiyasahau bana, bila mabano simu inachukua 4 inagawa kwa 12 inakupa 0.333 na utadhani kiwanja kilikula hasara. Jibu ni 1.1225, toa 1, ni asilimia 12.25 kwa mwaka. Nusu ya ile ya mjuaji.

Hapo ndo unaweza kulinganisha vitu. Hatifungani ya serikali ya Tanzania ya miaka 20 (yaani unaikopesha serikali, inakulipa riba), baada ya Benki Kuu kushusha riba ya hatifungani hiyo mwaka 2022 kutoka asilimia 15.49, ikawa 12.10, na inalipwa kila miezi sita, yaani 6.05 mara mbili. Ukiiwekeza tena kila ikilipwa, kwa kiwango hichohicho (siyo rahisi, najua), 1.0605 mara 1.0605 inakupa 12.47 kwa mwaka. Imekipita kiwanja! Na haihitaji fensi wala hakuna mtu wa kuhamisha bikoni usiku.

Itachukua muda gani hela kuwa mara mbili? Hapa kisichojulikana ni n, kimekaa juu kwenye kipeo, na cha kukishusha ni logi tu, zile tulizozichukia. Logi ya 2 ni 0.3010, logi ya 1.0605 ni 0.0255, gawa, unapata 11.8. Hivyo ni vipindi vya miezi sita, siyo miaka, kwa hiyo ni kama miaka sita. Wenye haraka wanagawa 72 kwa riba, 72 kwa 12.47 ni 5.8, inakaribia kabisa.

Njia hiyohiyo ipeleke kwenye mikopo ya simu uone. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012 ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, inasikika ndogo eti, lakini deni la namna hiyo likijirudia na ada yake kila mwezi linakuwa mara mbili kabla miezi kumi haijaisha, na kwa mwaka elfu 10 inakuwa kama 23,800. Hiyo ni riba ya asilimia 138.

Kinachonikera zaidi ni mikopo ya marejesho. Unakopa milioni 1, unarudisha laki moja kila mwezi kwa miezi 12, unaambiwa riba ni asilimia 20. Ingekuwa 20 kama ungekaa na milioni nzima mwaka mzima, lakini mwezi wa kwanza tu umeshaanza kuirudisha, ukimaliza mwezi wa sita umebaki na kama nusu tu ya hela yao mkononi na riba bado wanaihesabia ile milioni yote. Hapa logi wala kipeuo havisaidii, inabidi kubahatisha namba mpaka ikubali, au uiachie Excel: =RATE(12,-100000,1000000). Inakurudishia asilimia 2.92 kwa mwezi, na 1.0292 kwa kipeo cha 12 ni 1.41. Asilimia 41 kwa mwaka hiyo, na bado hujaweka ada ya fomu, bima na ile "akiba ya lazima" wanayokukata kabla hujaigusa hela.