Kipindi kina mtangazaji au deiwaka?

Jamani, hiki kipindi cha siasa cha asubuhi nakisikiliza tangu redio ya mzee ilipofungwa betri kwa mpira wa baiskeli. Sasa kila nikimzoea mtangazaji, kesho hayupo, kama deiwaka, yule kibarua wa siku moja. Hakuna hata kwaheri! Wa juzi alimuuliza diwani swali, akalijibu mwenyewe. Sasa diwani kaitiwa chai?

Leo hapa Kirumba mwaloni, Mwanza, hata dagaa tumeacha kuanua. Mbunge kabanwa kuhusu maji ya bomba, na Ziwa Victoria la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 liko hapa miguuni! Anakohoa, anajikuna (nilimsikia kabisa), mara: “Twende mapumziko mafupi.” Tangazo la magodoro. Kurudi, sauti nyingine: “Mheshimiwa, karibu sana, hebu jitambulishe.”