Waliohama Blasket Kuu Waliomba Wenyewe

Kila inapotajwa tarehe 17 Novemba 1953, lawama huwa ileile: serikali ya Ayalandi iliwahamisha watu wa mwisho wa kisiwa cha Blasket Kuu, ikaizima ngome ya lugha ya Kiayalandi. Si lawama ya kupuuzwa. Katiba ya 1937 ilikitangaza Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza, na kisiwa hicho cha pwani ya Kerry kilitoa wasimulizi waliofuatwa na wasomi kutoka ng'ambo. Hata hivyo, hakikupata gati la kuaminika.

Lakini waliotaka kuondoka ni wakazi wenyewe, na hilo husemwa kwa haraka mno. Mwanzoni mwa 1947 kijana wa miaka 24 alifariki kwa homa ya uti wa mgongo. Kisiwani hapakuwa na daktari wala padri, na bahari ilichafuka, hakuna wa kuvuka. Aprili mwaka huohuo wakampelekea Waziri Mkuu Éamon de Valera telegramu: dhoruba imetufungia, hatuna chakula. Aliwatembelea. Nyumba za kuwahamishia bara zikachukua miaka 6.

Tuitazame idadi yenyewe. Mwaka 1916 kisiwa kilikuwa na watu wapatao 176. Mwaka 1953 walibaki 22. Hao zaidi ya 150 hawakuhamishwa na serikali. Wengi walikwenda Marekani, hasa Springfield, Massachusetts, aliyetangulia akimvuta mdogo wake. Shule ilifungwa mapema miaka ya 1940 kwa kukosa watoto. Usafiri ulikuwa mitumbwi ya turubai iliyopakwa lami, inayotaka mikono yenye nguvu kwenye makasia. Vijana wakiisha, unga hauvuki, mgonjwa havuki, hata jeneza haliletwi. Kumtaka mzee abaki hapo ili lugha ya taifa ipate makumbusho hai ni kumtwika mzigo ambao walio Dublin hawakuubeba.

Tena hawakutupwa ugenini. Walijengewa katika kijiji cha Dún Chaoin, ng'ambo ya mlango wa bahari, ambako majirani nao walizungumza Kiayalandi.

Deni la serikali, kwa maoni yangu, ni la nyuma zaidi: miaka ya 1920 na 1930, wapiga makasia walipokuwa bado wapo, na gati, daktari wa zamu na soko la samaki vingeweza kuwapa sababu ya kutopanda meli ya Marekani.