Masta ya usanifu majengo, utamchorea nani?

Msimu wa korosho ukikolea, Mtwara na Lindi kila mtu anajenga. Hela ya mnada ikiingia, mtu anampigia fundi, fundi anamwonyesha ramani kwenye simu, msingi unachimbwa. Msanifu majengo hakumbukwi. Ndiyo maana kijana wa Masasi akisema anarudi chuo kusomea shahada ya uzamili ya usanifu majengo, nyumbani humuuliza: "Halafu utamchorea nani?"

Swali hilo si la kubeza. Kwetu muhuri, yaani usajili wa kufanya kazi kama msanifu, hautokani na masta. Unasoma shahada ya kwanza, tuseme Chuo Kikuu Ardhi, unafanya kazi chini ya aliyesajiliwa, kisha unapita kwenye mtihani wa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Uingereza ndiko shahada ya pili ilikozoeleka kuwa ngazi ya kupandia usajili. Kama shida yako ni muhuri tu, ada hiyo kanunulie kiwanja.

Mimi bado nasema isomwe, kwa sababu kuna kazi ambayo shahada ya kwanza inaigusa juujuu: kuhifadhi majengo ya kale. Nenda Mikindani, mji wa kale wa pwani ya Mtwara, ukazitazame nyumba kongwe: mawe ya matumbawe, chokaa, dari za boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti. Plasta ikidondoka, fundi anakuja na mfuko wa saruji, na kwa muda ukuta unapendeza. Kumbe saruji imeziba njia ya unyevu kutoka. Chumvi inajikusanya kwa ndani, inalisukuma jiwe, linamung'unyuka kama biskuti. Fundi simlaumu, nani alimfundisha?

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakatolewa humo 2014. Katikati hapo kuna kazi ya watu wanaoijua chokaa na bahari. Na Boma la Wajerumani la Mikindani, la mwaka 1895, leo ni hoteli, kwa hiyo asiniambie mtu kuwa jengo la zamani haliingizi hela.

Uhifadhi, utafiti wa vifaa vya ujenzi, ushauri, ualimu wa chuo kikuu: huko ndiko masta inakopeleka. Nisikudanganye lakini, ajira za uhifadhi ni chache na nyingi ni za mradi. Mradi ukiisha, mshahara nao umeisha. Ualimu una uhakika zaidi, ukiipata nafasi.

Ukienda, tasnifu iandike kuhusu huku. Pima joto la chumba chini ya bati Lindi mwezi wa Desemba, au tafuta mchanganyiko wa chokaa unaostahimili chumvi ya pwani. Msimamizi huenda akakusukumia Zanzibar, maana maandiko ya huko ni tele. Kataa kwa adabu, na wazee wanaojua kuchoma chokaa wahoji mapema, kabla hata pendekezo lako halijapitishwa.