Miiba inayopotea chupani: mwani wa maji baridi uoteshwe kwanza au utajwe ulivyo?

Kidude cha kijani cha mviringo, mikromita 5, kwenye tone la maji ya bwawa: ni Chlorella au Chlorococcum changa, aina mbili za mwani wa kijani? Hadubini peke yake haimalizi ubishi huo. Wanaotaka mwani uoteshwe kabla ya kupewa jina hapo wana haki. Upande kwenye agari (jeli ya kuoteshea) ya asilimia 1.5 iliyotiwa virutubisho vya Bold, mchanganyiko wa chumvi za kulishia mwani. Koloni, yaani kishada cha seli, ikikomaa, imwagie kimiminika kipya cha virutubisho, iache gizani usiku kucha, asubuhi irudishe kwenye mwanga. Chlorococcum kwa kawaida itaachia zuspora, seli za uzazi zinazoogelea kwa mikia miwili iliyolingana. Chlorella haizai namna hiyo. Tone la iodini ya Lugol huzisimamisha, mikia ikahesabika, na wanga unaozunguka pirenoidi, kidonge kilicho ndani ya kloroplasti (sehemu ya kijani ya seli), ukawa mweusi.

Lakini chupa ya kuoteshea nayo ina hila. Desmodesmus ya ziwani, mwani mwingine wa kijani, huonekana seli nne zimepangana, pembeni miiba. Chupani mara nyingi seli hutawanyika mojamoja, na asiyeijua huiandika Lagerheimia, mwani wa seli mojamoja zenye miiba. Mwani uitwao Micractinium nao hupoteza nywele zake humo kabisa ikafanana na Chlorella. Itie kwenye maji yaliyochujwa baada ya kufugia Brachionus, yule mdudu anayeila, nywele zinarudi. Umbo hilo, basi, ni jibu kwa mlaji, na chupani mlaji hayupo.

Kuna pia upendeleo. Virutubisho vya Bold ni vikali kwa mwani uitwao Cosmarium na wenzake wengi; usipovizimua, Desmodesmus na Chlorella huwafunika, nawe unaorodhesha wanaokua haraka tu. Na mwani uliokaa sana chupani hujaa mafuta na wanga hadi umbo la kloroplasti lisisomeke, kwa hiyo chora seli zikiwa bado zinagawanyika.

Kwangu mimi chupa inashinda, kwa sharti moja: siku ileile ya kuchota, nusu ya sampuli ichorwe na itiwe Lugol mpaka iwe rangi ya chai iliyozimuliwa. DNA safi hupatikana kirahisi zaidi chupani. Ndiyo iliyosaidia kuitenga Desmodesmus na Scenedesmus mwaka 1999. Ila ukitangaza spishi mpya, chupa hai haikubaliki kuwa kielelezo cha jina, yaani sampuli ambayo jina hilo limefungwa nayo. Kanuni za kutaja mwani zinataka kilichohifadhiwa kisicho hai, mfano kilichokaushwa, au kilichogandishwa hadi shughuli zote za seli zisimame.