Mpunga sawa, kachumbari je?
Mwandishi wa makala ya kilimo cha majitaka kaeleza vizuri jinsi wakulima wa Mabogini, Moshi, wanavyomwagilia mpunga kwa maji ya mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji, ila kaweka mazao yote kapu moja, kana kwamba hatari ni ileile. Mpunga unakobolewa, unapikwa. Kwa minyoo na vijidudu, mlaji hana shida kubwa. Mwenye shida ni anayepandikiza. Shangazi yangu ana majaruba (vipande vya shamba la mpunga) huko, anashinda humo peku, maji yamefika magotini, jioni ni kujikuna miguu tu. Buti za mpira anazo, anasema zinanasa kwenye tope (kweli zinanasa, nimejaribu). Mbolea ya dukani hanunui nyingi, maana maji yale yanakuja na naitrojeni yake, chakula cha mmea.

Mimi naogopa nyanya na saladi zinazoliwa mbichi. Kwa mazao hayo, Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo mwaka 1989: mayai ya minyoo ya tumbo yasizidi moja kwa lita ya maji ya kumwagilia. Basi majibu ya vipimo vya maji hayo yabandikwe ofisi ya kijiji tuyasome. Niliwahi kuyaulizia ofisi moja, nikaambiwa njoo Jumatatu. Nikaenda. Mhusika yuko semina.