Si Kila Mguu Uliovimba ni Matende

Shangazi alimaliza matibabu ya saratani ya shingo ya kizazi, akamshukuru Mungu, akarudi kwenye shughuli zake. Mwaka wa pili kiatu cha kushoto kikaanza kumbana. Cha kulia kilimtosha vilevile. Jioni soksi ilimwachia mfereji juu ya kifundo, ukikucha mguu umeshuka. Baadaye ukawa haushuki hata akilala. Kila aliyemtazama alikuwa na neno moja: matende.

Neno hilo limeanza kunikera. Matende yapo, tena katika nchi za joto ndiyo yanayoharibu miguu mingi: minyoo myembamba kama uzi, inayoletwa na mbu, hukaa ndani ya mishipa ya limfu miaka 6 hadi 8, ikiitanua mpaka inashindwa kazi. Ila tumeligeuza jina la ugonjwa mmoja kuwa jina la kila mguu mnene, na mtu akishapewa jina haulizi tena.

Kazi ya mishipa hiyo ni kukusanya maji yanayochuja kutoka kwenye damu, pamoja na protini zake, na kuyarudisha kwenye damu, juu ya kifua. Njiani yanapita kwenye tezi, zikiwemo za kinena, zile ambazo zikivimba tunasema mtu ana mtoki. Shangazi tezi zake za nyonga zilitolewa kwa upasuaji, zilizobaki zikapigwa mionzi. Maji yangepita wapi? Mbu hakuhusika hata kidogo, na uvimbe wa namna hii unaweza kungoja miaka ndipo ujitokeze.

Kuna na mguu unaofanana kabisa na wa matende, usio na mnyoo hata mmoja. Huwapata wanaotembea peku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkano, kama wa nyanda za juu za Ethiopia. Chembe za udongo hupenya ngozi ya nyayo na kuchokoza mishipa ya limfu. Uvimbe huanzia chini, mara nyingi miguu yote miwili. Huyu dawa ya minyoo haimsaidii, viatu vingemkinga.

Wengine huzaliwa na mishipa michache au dhaifu. Unene uliopitiliza nao huilemea, na vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizochoka humwaga maji mengi kuliko limfu inavyoweza kubeba. (Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hiyo ni habari nyingine: huenda damu imeganda, nenda hospitali leo.)

Muuguzi mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Alijaribu kuinua kwa vidole viwili ngozi iliyo kwenye shina la kidole cha pili cha mguu. Kulia ikainuka. Kushoto ikagoma, nene kama ganda, dalili kwamba limfu imekwama. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Mama, umewahi kufanyiwa upasuaji?"

Vidonge vya kukojoa alivyokuwa akimeza vikasimamishwa. Vinatoa maji, protini inabaki na kuyavuta tena. Siku hizi anafunga bandeji ya kubana, na kila jioni anaosha mguu kwa sabuni, anakausha katikati ya vidole kimoja kimoja, akitafuta mpasuko. Bakteria wakiingia hapo, mguu huwaka moto kwa homa, na kila shambulio huua mishipa mingine. Nilimwambia mara moja kwamba anakausha kama anayefuta vikombe vya wageni. Akanijibu bila kuinua macho: "Wewe una miwili."