Jengo la kale likishakarabatiwa, nani ataingia humo Jumanne asubuhi?

Nyumba ya marehemu bibi, ya mawe ya matumbawe na chokaa, tuliipiga saruji kwa ushauri wa fundi. Masika ya kwanza tu, plasta ikavimba kama andazi. Ukiigonga kwa kucha unasikia uwazi ndani. Chokaa hupumua. Saruji hufungia unyevu humo humo, nayo ikaondoka na vipande vya ukuta.

Nalitaja hili kwa sababu kila tukizungumzia majengo ya kale ya Tanga, mazungumzo yanaishia kwenye kuta. Likarabatiwe, lipakwe rangi, libandikwe kibao. Halafu?

Kule Philadelphia, Marekani, kuna mitambo ya maji ya Fairmount, iliyoanza kazi 1815 kando ya mto Schuylkill. Kwa nje utadhani mahekalu ya Wagiriki wa kale, kumbe ndani mlikuwa na mashine za mvuke zilizopandisha maji hadi kwenye hodhi kilimani. Kuni zilikuwa zinakula fedha, basi kuanzia 1822 wakafunga magurudumu yanayozungushwa na mto wenyewe. Mto ulipochafuka, kazi ikafungwa 1909. Miaka miwili baadaye wakaweka samaki humo, watu wakawa wanalipa kuwatazama, hadi 1962. Kisha jengo likawa bwawa la kuogelea (hapo ndipo nilipowapenda). Tangu 2003 watoto wa shule wanakwenda kujifunza humo habari za mto unaowanywesha.

Sisi tuna Boma la Kale la Wajerumani, ambalo Urithi Tanga wamelifufua likawa makumbusho. Kazi nzuri, na wageni wangu wote nawapeleka. Ila mtoto wa mtaani, wa Makorora hapa Tanga, akishaingia mara moja na darasa lake, kipi kitamrudisha? Mimi ningempa muuza kahawa baraza, mama lishe pembe ya ua, na katika jengo mojawapo la kale mjini ningetenga chumba cha maji: mto Zigi unavyoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, bwawa la Mabayani linaloupa mji maji, vipande vya mabomba yaliyoliwa na kutu, na pampu kuukuu ambayo mtoto ataruhusiwa kuishika.

Juzi nilimuuliza mpwa wangu, yuko darasa la nne, maji ya kwao yanatoka wapi. Akanyoosha kidole juu, kwenye simtanki.